Kabla ya kupima ruta, tukubaliane tunapima nini: uzi wa mafundi wa mitandao wa Lamu na Malindi

Wa Langoni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wenzetu wa Malindi hamjambo.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo limetukwamisha kwa muda. Sisi wachache tunaosambaza intaneti kwa antena na faiba kati ya Mokowe, mji wa Lamu, Shela na Malindi tulikubaliana kununua ruta za aina moja, ili tuwe na vipuri vya pamoja na tuweze kusaidiana usiku kifaa kinapoharibika. Kila mmoja akaleta matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwake, na matokeo hayo hayakulingana. Ruta ambayo mmoja wetu aliisifu kuwa inajaza kiungo cha gigabiti 1 bila taabu, mwingine aliikataa kwa kuwa ilimpotezea pakiti (vipande vidogo vya data) hata kiungo kilipokuwa nusu tupu. Nilizilaza karatasi zote mezani nikazisoma moja baada ya nyingine, na nikaona kwamba hakuna aliyekosea kuhesabu. Kila mtu alikuwa amepima kitu chake, kisha wote wakakiita kwa jina moja.

Nahodha akiambiwa kwamba jahazi fulani lina mwendo, atauliza kwanza kama lilikuwa tupu au limepakia, na kama lilikwenda na kaskazi au lilipigana na kusi. Kwa ruta hatuna desturi ya kuuliza hivyo. Tunasoma tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi na kuichukua kama ilivyo.

Wenzetu waliotutangulia waliliona tatizo hili zamani. Ndani ya IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, kuna kikundi kazi kiitwacho BMWG ambacho shughuli yake ni vipimo linganishi vya vifaa vya mtandao. Mwaka 1991 kilitoa RFC 1242 (RFC ni mfululizo wa nyaraka za IETF), waraka ambao hauelezi namna ya kupima chochote. Unafafanua maneno tu. Mwandishi wake, Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliona kwamba wauzaji walikuwa wakitumia neno moja kwa maana tofauti, na kwamba hakuna njia ya kupima itakayofaa kabla ya maneno kutulia. Njia za kupima zilifuata baadaye: RFC 1944 mwaka 1996, kisha RFC 2544 mwaka 1999, aliyoiandika pamoja na Jim McQuaid. Naomba mzingatie mpangilio huo, kwa sababu sisi tumeanza na mwisho.

Nichukue upitishaji, neno ambalo limetugombanisha zaidi. Kwa maana ya nyaraka hizo, upitishaji ni kasi ya juu kabisa ambayo kifaa kinaweza kupokea fremu (pakiti zikiwa ndani ya bahasha zake za kusafiria kwenye waya) na kuzitoa upande wa pili bila kupoteza hata moja. Kasi hiyo hupimwa kwa kila ukubwa wa fremu peke yake, na kwa Etheneti, mfumo wa kawaida wa mtandao wa nyaya, ukubwa uliopendekezwa ni baiti 64, 128, 256, 512, 1024, 1280 na 1518. Kiungo cha gigabiti 1 kikijazwa fremu za baiti 1518, kifaa kinashughulikia fremu 81,274 kwa sekunde. Kikijazwa fremu za baiti 64, zinakuwa 1,488,095 kwa sekunde. Ukiangalia biti utaambiwa kiungo ni kilekile na kimejaa vilevile, lakini kazi ya kusoma anwani, kutafuta njia na kuamua mlango wa kutokea imezidi mara kumi na nane. Kwa hiyo karatasi isemayo “gigabiti 1” bila kutaja ukubwa wa fremu haijasema uongo, ila imeacha kusema kile ambacho mnunuzi alihitaji kukijua.

Hili limenigusa mwenyewe. Niliwahi kununua ruta kwa muuzaji ambaye karatasi yake ilikuwa na tarakimu nzuri sana, nikaifunga kwenye mnara uliokuwa ukihudumia nyumba za wageni. Mchana ilifanya kazi vizuri. Usiku, wageni walipoanza kupiga simu za sauti kupitia intaneti, sauti zikawa zinakatika, ingawa kiungo kilikuwa mbali na kujaa. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba tarakimu zile zilipatikana kwa fremu kubwa tu, bila kichujio (kanuni ya kuruhusu au kuzuia pakiti) hata kimoja, bila kubadilisha anwani, na kwa mkondo mmoja kutoka anwani moja kwenda anwani moja. Mimi nilikuwa na vichujio, nilikuwa natumia NAT, yaani huko kubadilisha anwani, na nilikuwa na mamia ya mikondo ya pakiti ndogo. Kipimo cha muuzaji na matumizi yangu havikukutana popote.

Kuna mpaka mwingine ambao wengi wetu tuliuruka bila kuuona, nao ni ule ulio kati ya upande wa usafirishaji na upande wa udhibiti. Upande wa usafirishaji huchukua pakiti na kuitupa mlango unaostahili. Upande wa udhibiti huzungumza na ruta jirani kwa BGP au OSPF, itifaki za kupashana habari za njia, hujifunza njia hizo na kujenga jedwali lake. Ruta inaweza kuwa hodari katika kazi ya kwanza na dhaifu katika ya pili. RFC 4098, iliyotoka Juni 2005, inatoa istilahi za kupima kutulia kwa njia za BGP, na hapo hapo mwanzoni inajiwekea uzio: inahusu eBGP (BGP kati ya mitandao ya wenyewe tofauti), upande wa udhibiti peke yake, na kifaa kimoja tu. Swali la lini pakiti zenyewe zinaanza kupita njia mpya baada ya BGP kutulia liliachiwa nyaraka za baadaye, na njia ya kulipima ilichapishwa Aprili 2016 katika RFC 7747. Walikubali kulingoja swali hilo kwa takriban miaka kumi na moja kuliko kulichanganya na lile la kwanza. Mimi nawaheshimu kwa subira hiyo.

Wala msidhani kwamba mpaka huu ni wa vitabuni. Tarehe 12 Agosti 2014 idadi ya njia za IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za intaneti) duniani ilivuka 512,000, na ruta nyingi ambazo kumbukumbu zake za usafirishaji zilikuwa zimegawiwa kwa kikomo hicho zikaanza kusumbua, mitandao ikapoteza huduma sehemu mbalimbali. Kasi yao ya kusafirisha fremu haikuwa imepungua. Kilichofika mwisho kilikuwa jedwali. Leo idadi hiyo imekwisha kupita 900,000, na mtu anayepima fremu kwa sekunde tu, kwa jedwali lenye njia kumi, hawezi kujua kifaa chake kitafanya nini jedwali zima litakapoingia.

Ombi langu ni hili. Kabla mtu hajaunganisha waya, tuandike kwa pamoja mipaka ya kipimo chetu: kifaa kinachopimwa ni kipi na kinaishia wapi, kimewekewa mipangilio gani, tunapima sifa zipi, na zipi tunaziacha kwa makusudi. Nangojea maoni yenu.

Wa Maweni

Wa alaykum salaam, kaka. Mimi niko Malindi, na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Lakini naona unatupeleka maabara wakati sisi hatuna maabara. Tunacho kiungo chenyewe. Saa tisa ya usiku wateja wamelala. Kwa nini tusipime ruta ikiwa mahali pake, kutoka mnara wa Malindi hadi wa Mokowe, kwa trafiki ya kutosha, tukapata tarakimu ambazo ndizo hali halisi ya mteja? Kipimo cha mezani kitatuambia ruta inavyofanya kazi mezani, na mteja wangu haishi mezani.

Wa Langoni

Dada wa Maweni, hoja yako ni nzito na nimeitafakari kabla ya kujibu.

Kwanza, utaratibu wa RFC 2544 unakitafuta kikomo cha kifaa kwa kukizidishia mzigo hadi kipoteze fremu, kisha kupunguza, kisha kuongeza tena, na jaribio moja la kila kasi linadumu sekunde 60 au zaidi. Jaribio la kupona baada ya kuzidiwa linapeleka asilimia 110 ya upitishaji uliopatikana, au kasi yote ya kiungo ikiwa asilimia hiyo haifikiki. Hata saa tisa ya usiku kuna zahanati iliyounganishwa, kuna mtu anayempigia simu ndugu yake wa ng’ambo, kuna kamera za bandarini. Kundi lenyewe la BMWG lililiona jambo hili likienea na likatoa RFC 6815 mwaka 2012, kwa ajili ya kusema waziwazi kwamba vipimo hivyo ni vya maabara iliyojitenga na kwamba kuvitumia kwenye mtandao unaohudumia watu kuna madhara. Ndiyo maana pia zilitengwa anwani za 198.18.0.0/15 kwa kazi hii, ili trafiki ya kupima isichanganyike na anwani za mtu yeyote.

Pili, na hili kwangu ndilo kubwa zaidi, fremu ikipotea kati ya Malindi na Mokowe hutajua nani aliyeipoteza. Huenda ni ruta. Huenda ni redio iliyoshusha kasi yake kwa sababu ya unyevu na mawimbi yake yanayorudi kutoka juu ya maji. Huenda ni swichi iliyo chini ya mnara. Utakuwa umepima mnyororo mzima, kisha umeandika jina la pete moja.

Sisemi kwamba kupima kiungo chote hakuna maana. Mteja anastahili kipimo hicho. Ila hicho ni kipimo cha huduma, na kina taratibu zake. ITU-T, kitengo cha viwango cha shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilitoa kiwango cha Y.1564 mwaka 2011 kwa ajili ya kuthibitisha huduma ya Etheneti inapowashwa, kwa kasi iliyoahidiwa badala ya kasi ya kuvunja. Tukifanye baada ya kuchagua ruta, katika waraka wake wenyewe.

Na kuhusu maabara: tunahitaji chumba kimoja, meza, kompyuta yenye kadi mbili nzuri za mtandao, na programu huria kama TRex. Mashine ya kuzalisha trafiki inatoa fremu upande mmoja wa ruta na kuzipokea upande wa pili, ikihesabu mwenyewe kilichotoka na kilichorudi. Kuna wenzetu walipima kwa programu ya iperf3 kati ya kompyuta mbili, na hapo walipima TCP (itifaki ya kompyuta mbili kutumiana data) pamoja na uwezo wa kompyuta zenyewe. Si kosa, lakini hatuwezi kukiita kipimo cha ruta.

Wa Maweni

Nimekuelewa, na sehemu ya pili ndiyo iliyonibadilisha. Sikuwahi kufikiri kwamba nililaumu ruta kwa makosa ya redio. Naomba basi tuandike hivi: kifaa kinachopimwa ni ruta kuanzia mlango wake wa kuingilia hadi mlango wake wa kutokea, na toleo la programu yake litajwe kwa ukamilifu. Nimewahi kuona kifaa kikibadilika tabia kabisa baada ya kusasishwa.

Wa Mokowe

Ami, mimi nasimamia kituo cha bara, na nina jambo moja ambalo nyaraka zenu hazilijui. Sanduku letu la vifaa liko juani. Wakati wa kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, ukifungua mlango wake unapigwa na joto usoni. Chumvi ya bahari inakula viunganishi hadi vinageuka kijani. Kipimo kisichojali joto wala chumvi kitanisaidia nini mimi? Nataka vyote viwili viingie ndani ya mipaka.

Wa Langoni

Mwanangu, umetaja vitu viwili na mimi ningependa kuvitenganisha, maana naona kimoja kinaingia na kingine hakiingii.

Chumvi haiingii. Kutu haionekani katika jaribio la sekunde 60, wala la siku moja. Ni suala la uimara, linalohitaji miezi na vifaa vya aina nyingine, na mwisho wake ni viunganishi na sanduku zaidi kuliko uwezo wa ruta kupitisha fremu. Tukilibeba hapa, hatutamaliza na hatutalitendea haki. Lifunguliwe uzi wake, nami nitachangia.

Joto linaingia, lakini si kama sifa tunayoipima. Linaingia kama hali tunayoitaja. Ruta nyingi za bei yetu hazina chipu maalumu ya kusafirisha. Kichakata cha kawaida ndicho kinachofanya kila kitu, na vichakata vingi hujipunguzia mwendo vinapopata joto kupita kiasi. Kwa hiyo upitishaji wa ruta ile ile unaweza kuwa mwingine ndani ya sanduku lako na mwingine ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Napendekeza kila jaribio la upitishaji lifanyike mara mbili, mara ya kwanza katika joto la chumba, na mara ya pili ndani ya sanduku lililofungwa kama lako, baada ya kifaa kukaa humo kikifanya kazi hadi joto lake liache kupanda. Kipimajoto kisomwe mwanzo na mwisho, na usomaji uandikwe kando ya matokeo. Mtu wa Malindi ambaye vifaa vyake viko ndani ya jengo atasoma safu ya kwanza. Wewe utasoma ya pili.

Na kuna jambo la pili la kwenu ambalo nyaraka zinalijua vizuri sana: umeme. RFC 2544 ina jaribio la kuwashwa upya, ambapo umeme unaondolewa kwa sekunde 10, kisha unahesabiwa muda tangu fremu ya mwisho kabla ya kuzima hadi ya kwanza baada ya kurudi. RFC 6201 ya mwaka 2011 imelifafanua zaidi. Kwetu hilo ni miongoni mwa majaribio ya kwanza. Lakini tuwe waangalifu na mpaka wake: ruta inaweza kuanza kupitisha fremu kwa njia zilizoandikwa kwa mkono mapema sana, huku ile inayongoja BGP ijifunze jedwali zima ikichelewa mno. Tupime muda wa yote mawili na tusichanganye majina.

Wa Shela

Nina swali moja tu. Kwa nini bila kupoteza *hata moja*? Ruta inayotumia kichakata inaweza kuangusha fremu tatu kati ya mamilioni kwa sababu kichakata kilikuwa kikiandika kumbukumbu zake. Mteja hatahisi. Kwa kanuni hiyo tutaikataa ruta nzuri.

Wa Langoni

Hatutaikataa, kwa sababu upitishaji si tarakimu pekee. Pamoja nao kuna kiwango cha upotevu wa fremu, ambacho huanzia kasi yote ya kiungo na kushuka kwa hatua zisizozidi asilimia 10 hadi majaribio mawili mfululizo yasipoteze kitu. Ukichora matokeo hayo utaona kama ruta yako inapoteza fremu tatu au inaporomoka. Lakini nakusihi tusilegeze maana ya upitishaji wenyewe. Tukiruhusu upotevu kidogo, wa kwanza atachagua sehemu moja kwa elfu, wa pili sehemu moja kwa laki, na tutarudi kwenye karatasi zile zisizolingana. Sifuri haina mjadala, na ndiyo faida yake.

Na ucheleweshaji upimwe kwenye kasi ile ile ya upitishaji iliyopatikana kwa ukubwa huo wa fremu, mkondo wa sekunde 120, jaribio lirudiwe mara 20 au zaidi na wastani utolewe. Ucheleweshaji wa ruta isiyo na mzigo haumsaidii mtu.

Nimekusanya yote katika rasimu ifuatayo. Isomeni neno kwa neno.

*Kipimo hiki kinahusu ruta moja, kuanzia mlango wa kuingilia hadi mlango wa kutokea, ikitazamwa kwa nje bila kujali imeundwaje ndani. Redio, antena, faiba, swichi na ugavi wa umeme haviko ndani yake. Mipangilio ni mitatu, na kila matokeo yataje ni upi: ruta tupu, ruta yenye vichujio 25, ruta yenye vichujio 25 na NAT. Matokeo yataje pia toleo la programu ya ruta, na upitishaji upimwe katika joto la chumba na ndani ya sanduku lililofungwa. Sifa zinazopimwa ni upitishaji, upotevu wa fremu, ucheleweshaji, kupona baada ya kuzidiwa, na muda wa kurudi baada ya umeme kuondolewa. Trafiki iende pande zote mbili kwa pamoja, kwa mkondo mmoja kwanza, kisha kwa mitandao 256 lengwa iliyochaguliwa bila mpangilio. Upande wa udhibiti unapimwa peke yake, kwa muda wa jedwali zima la BGP kuingia; muda wa pakiti kuhamia njia ya pili jirani mmoja anapokatika unapimwa kando. Uimara, usalama, bei na huduma ya muuzaji haviko ndani ya kipimo hiki.*

Nimesisitiza mkondo mmoja kwanza na mingi baadaye kwa sababu ruta zenye kichakata chenye viini vingi hugawanya mikondo kwa viini. Mkondo mmoja unaweza kubaki kwenye kiini kimoja huku vingine vimelala. Mwenzetu aliyesifu na mwenzetu aliyekataa ruta ile ile walitofautiana kwa fremu na kwa hili pia.

Wa Maweni

Rasimu ni nzuri. Nina marekebisho mawili. Umesahau mchanganyiko wa fremu. Fremu za ukubwa mmoja zinatuonyesha kikomo, lakini wateja wetu wanatuma mchanganyiko. Tuongeze ule unaotumika sana: pakiti 7 za baiti 40, 4 za baiti 576, na 1 ya baiti 1500, ambao wastani wake ni takriban baiti 340. Usichukue nafasi ya ukubwa saba. Uwe safu ya nane. Na IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, itajwe. Kuna RFC 5180 ya mwaka 2008 kwa ajili yake, na ruta yenye nguvu kwa IPv4 haina lazima iwe hivyo kwa IPv6.

Wa Langoni

Yote mawili yameingia. Kwa mchanganyiko nimeongeza kwamba idadi na baiti ziandikwe ndani ya matokeo yenyewe, kwa kuwa watu hutumia jina moja kwa michanganyiko tofauti, na kwamba pakiti ya baiti 40 ikiingia kwenye Etheneti inajazwa hadi fremu ifikie baiti 64. Kwa IPv6 nimeandika kwamba majaribio yote ya usafirishaji yarudiwe, isipokuwa mpangilio wa NAT.

Wa Mokowe

Nami nimeridhika na safu mbili za joto. Chumba cha kituo changu kina nafasi, na sanduku la akiba lipo tayari. Kompyuta ninayo yenye mlango mmoja tu wa gigabiti unaofaa. Nani ana kadi ya milango miwili? Boti ya asubuhi kutoka Lamu inaweza kuileta.

Wa Shela

Ninayo. Nitaikabidhi gatini kesho, pamoja na nyaya mbili fupi ambazo nimezijaribu.

Wa Langoni

Vyema. Jaribio la kwanza lisiwe na ruta kabisa. Unganisha mlango wa kwanza wa kadi na wa pili kwa waya mtupu, upeleke fremu za baiti 64 kwa kasi yote, uone kama kompyuta inatoa 1,488,095 kwa sekunde na kuzipokea zote bila kupoteza hata moja. Isipofika hapo, tutakachokisoma baadaye kitakuwa kikomo cha kompyuta yako. Andika matokeo hayo hapa kabla ya kugusa kitu kingine.